Risala ya Klabu ya Baiolojia kwa Mgeni Rasmi: Seli za Kinga, Kichocho na Saratani ya Kibofu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa niaba ya wanachama wa Klabu ya Baiolojia, tunakukaribisha kwa furaha katika mahafali haya. Mwaka huu tulijiuliza kwa nini seli za kinga, ambazo kazi yake ni kutulinda, huweza kuchangia saratani. Jibu tumelitafuta katika kichocho cha mkojo, ugonjwa ambao sisi wa Kanda ya Ziwa tunaupata kwenye malambo na majaruba ya mpunga.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, minyoo wa kichocho huishi kwa miaka katika mishipa ya damu iliyo jirani na kibofu. Kinachoumiza zaidi si minyoo wenyewe bali mayai yao, ambayo kwenye hadubini huonekana marefu kiasi, yenye mwiba mfupi nchani. Yasiyotoka na mkojo hunasa katika ukuta wa kibofu, na hapo seli za kinga ziitwazo makrofeji, eosinofili na limfosaiti T huyazingira na kumwaga kemikali kali. Kwa jeraha la siku chache utaratibu huo hufaa. Lakini mayai yanapoongezeka mwaka hadi mwaka, kemikali zilezile huharibu vinasaba vya seli za kibofu, ambazo nazo hulazimika kugawanyika mfululizo ili kuziba palipoharibika, na makosa ya vinasaba hurundikana. Mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliwatangaza minyoo hao kuwa kisababishi cha saratani kwa binadamu.

Uvimbe wa saratani ukishaota, baadhi ya makrofeji hugeuka na kuusaidia: huuoteshea mishipa ya damu na kuzizuia limfosaiti T zisiushambulie. Ugunduzi wa namna ya kuondoa vizuizi vya limfosaiti hizo uliwapatia James Allison na Tasuku Honjo Tuzo ya Nobel mwaka 2018, ingawa dawa zilizotokana nao, tuseme kweli, bei yake si ya mkulima wa mpunga.

Prazikwanteli, dawa ya kichocho tunayomeza shuleni, huua minyoo waliokomaa, lakini haimkingi mwanafunzi anayerudi lamboni jioni kuteka maji. Kwa hiyo tunaomba utusaidie kupata kisima cha shule, na hadubini ya pili, kwa kuwa iliyopo tunaipanga foleni darasa zima.

Tunaomba kuwasilisha.