Barua ya wazi kwa wajumbe na walimu vijana wa SACCO yetu, chama chetu cha akiba na mikopo

Wanangu walimu,

Nawaandikia nikiwa na uchungu, na sina haja ya kuuficha. Kwenye mkutano mkuu uliopita, mhasibu hajafika hata ukurasa wa tatu wa hesabu, ukumbi ukaanza kupiga kelele: "Asilimia ngapi? Tuambie asilimia!" Mwalimu mmoja kijana akasimama na kitabu chake mkononi. Akauliza kwa nini fedha zilizotengwa kufidia mikopo isiyolipwa zimepungua, ilhali mikopo yenyewe iliyokwama imeongezeka. Lilikuwa swali la mtu aliyesoma alichopewa. Akazomewa mpaka akakaa. Na waliomzomea ni walimu wenzake, watu ambao Jumatatu yake wangeingia darasani kumwambia mtoto wa darasa la sita aonyeshe njia aliyotumia kupata jibu. Mwenyekiti akatangaza gawio, yaani faida wanayogawiwa wanachama kwa hisa zao, makofi yakalia, watu wakapanga foleni ya posho na nauli. Swali la yule binti halijajibiwa hadi leo.

SACCO yenyewe sitaitaja. Wenyewe mnajijua, na nasikia yaliyotokea kwetu yanatokea na kwingine.

Sasa nisikilizeni. Wengi wenu mmeajiriwa juzi, mmekuta jengo la ghorofa, kaunta zenye vioo na programu ya simu inayotoa mkopo mkiwa kitandani. Mnadhani chama kilizaliwa hivyo. Ushirika katika nchi hii ya Kenya ulianza na walowezi wa Kizungu, huko Lumbwa katika Bonde la Ufa, mwaka 1908, na Mwafrika alikuwa nje. Alifunguliwa mlango na sheria ya 1945, na hata hapo vyama vilivyoota vilikuwa vya mazao: kahawa, pareto, maziwa. Mtu wa mshahara hakuwa na pa kusimama. Wazo la watu wa kipato kidogo kuweka pamoja na kukopeshana lilikuwa limezunguka dunia kwa muda mrefu, tangu Friedrich Wilhelm Raiffeisen na wakulima wake huko Ujerumani katika karne ya kumi na tisa, na Afrika likatia mizizi Jirapa, kaskazini mwa Ghana, mwaka 1955. Kwetu Kenya lilishika kasi miaka ya sabini. Muungano wa vyama hivi, KUSCCO, ukaundwa 1973. Mwaka uliofuata, 1974, walimu wa sekondari na vyuo wakasajili SACCO ya Mwalimu. Walimu wa msingi nao wakajijengea vyao wilaya kwa wilaya: Kilifi, Taita Taveta, Embu, Bungoma, Meru, Kiambu.

Kwa nini wakati ule na si mapema? Kwa sababu mwaka 1967 iliundwa TSC, tume inayowaajiri walimu. Kabla yake mwalimu mmoja alilipwa na misheni, mwingine na baraza la wilaya, na hakuna aliyeweza kuwakusanya. Alipopatikana mlipaji mmoja, ikawezekana kukata mchango kwenye mshahara kabla haujafika mfukoni. Makato hayo ndiyo nguzo ya chama. Benki wakati ule ilitaka hati ya shamba ndipo ikusikilize. Mwalimu wa miaka ishirini na mitano, tena mwalimu wa kike, angeitoa wapi hati? Chama kilimwambia: dhamana yako ni akiba yako na neno la wenzako.

Nilizishika kadi za akiba za enzi hizo. Karatasi ngumu, safu za kalamu ya wino, akiba upande huu, mkopo upande ule, riba katikati, na saini ya karani kila mwezi. Mwanachama alikuwa na haki ya kuiomba kadi yake na kujumlisha mwenyewe, na walijumlisha! Nimemwona mwalimu wa kijijini akisafiri nusu siku kwa matatu kwa sababu ya shilingi ishirini ambazo hazikuandikwa. Karani alimwogopa. Ule woga wa karani ndio uliotulindia fedha, kwa sababu mwenye mali alikuwa anasoma. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari ambalo mwenyewe halifungui ni sawa na kutokuwa nalo.

Kuanzia hapo chama kikakua kwa mikopo ya karo, ya mabati, ya ng'ombe wa maziwa, ya ploti. Mwishoni mwa miaka ya tisini benki zilipofunga matawi ya mashambani na kupandisha kima cha chini cha kufungulia akaunti, SACCO zikafungua kaunta zake, hizi mnazoziita FOSA, na mshahara wa mwalimu ukaanza kupitia kwao. Serikali nayo iliposimamisha ajira ya walimu mwaka 1998, vyama vikaona wanachama wapya hawaji, na muda si mrefu vikafungua milango kwa wakulima, wafanyabiashara na watumishi wengine, na majina yakabadilika. Kilifi ikawa Imarika, Taita Taveta ikawa Qwetu, Embu ikawa Winas, Bungoma ikawa Ng'arisha. Sheria ya SACCO ya 2008 ikaleta msimamizi, SASRA. Leo SACCO ya Mwalimu peke yake ina mali ya zaidi ya shilingi bilioni 60. Ni kazi kubwa iliyofanywa na watu waliokuwa wakikatwa vijisenti.

Ndiyo maana hili la kushangilia gawio linanikera hadi usingizi unaniruka.

Jiulizeni faida ya SACCO inatoka mfukoni mwa nani. Inatoka kwa mwalimu mwenzako aliyekopa. Hakuna mgodi wa dhahabu nyuma ya ofisi. Chama kiliundwa ili mwalimu apate mkopo wa bei nafuu. Mkipiga kelele mpate asilimia kubwa kila mwaka, kamati inabaki na njia chache: iwapandishie riba wakopaji, ipunguze akiba ya dharura, ijifanye kuwa mikopo iliyokwama italipwa, au ikope benki ili iwalipe ninyi. Hiyo ya mwisho msidhani naitunga. SASRA imekwisha kuzionya SACCO kuhusu kukopa fedha za kulipia gawio. Unapewa fedha za deni lako mwenyewe, unapiga makofi, na riba ya deni hilo utailipa wewe.

Na wengi hamjui hata mnachoshangilia. Gawio hulipwa kwa mtaji wa hisa, ule ambao huwezi kuutoa hata ukiondoka, labda umhamishie mwanachama mwingine. Riba ya akiba ni kitu kingine. Mwalimu mwenye hisa za shilingi 20,000 akilipwa gawio la asilimia 15 anapata 3,000. Huyo huyo akiwa na akiba ya 300,000, riba ya asilimia 8 inampa 24,000. Tofauti ya asilimia moja kwenye akiba inamgusa kuliko asilimia tano kwenye hisa. Lakini ukumbini nasikia tu "kumi na tano! kumi na tano!" na anayejua kucheza na masikio yenu anawapa hiyo kumi na tano.

Mmeyasahau ya benki? SACCO ya Mwalimu ilinunua hisa nyingi za Equatorial Commercial Bank, baadaye ikaitwa Spire. Walimu walishangilia kwamba sasa wana benki. Amana kubwa zikaondolewa, hasara zikafuatana mwaka hadi mwaka, mabilioni ya wanachama yakazama humo, na mwaka 2023 benki ya Equity ikachukua amana za wateja na sehemu ya mali, habari ikaishia hapo. Chama kimesimama kwa sababu mwalimu aliendelea kukatwa kila mwezi. Kabla ya kununua benki iliyokuwa tayari ina matatizo, hesabu zake zilikuwepo. Zilisomeka.

Halafu KUSCCO yenyewe, mama wa vyama vyote, ile ya 1973. Ukaguzi wa kina uliofanywa na kampuni ya wakaguzi ya PwC ukawekwa hadharani mapema 2025 na Waziri Wycliffe Oparanya, na kitita kilichotajwa kupotea ni shilingi bilioni 13.3. SACCO zilikuwa zimeweka humo fedha za wanachama zikifuata faida nono. Na ripoti ikasema kulikuwa na hesabu zilizotiwa saini ya mkaguzi ambaye alikwisha kufariki. Someni tena sentensi hiyo. Saini ya marehemu ilitiwa, vitabu vikapita mikutano, mikono ikainuliwa, wajumbe wakapanda mabasi kurudi makwao. Katika ukumbi mzima wa watu wazima hakutokea wa kuuliza mkaguzi ni nani, yuko wapi, aje ajibu.

Kwa hiyo siku ile mlipomzomea yule mwalimu, mlikuwa mnamfukuza mlinzi wenu. Laiti kila tawi lingekuwa na mmoja kama yeye.

Kusoma hesabu si elimu ya juu. Anzieni mtaji wa msingi, yaani fedha za chama chenyewe zisizo amana za wanachama: kanuni zinataka usipungue asilimia 10 ya mali yote ya chama kinachopokea amana. Angalieni unapanda au unashuka. Angalieni mikopo iliyokwama na kiasi kilichotengwa kuifidia, mlinganishe na mwaka uliotangulia; kimoja kikipanda na kingine kikishuka, ulizeni. Angalieni chama kimekopa kiasi gani nje, na kwa nini. Angalieni posho na safari za kamati. Mkiambiwa "hilo tutalijadili baadaye", liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano, na mkutano ujao liwe la kwanza.

La pili nitalisema kwa ufupi maana linanitia simanzi. Namjua mama mmoja, mwalimu aliyefundisha mpaka sauti ikakwaruza. Alimdhamini kijana wa shuleni kwake kwa moyo wa mzazi. Kijana akapata kazi Ughaibuni, akaacha ualimu, akabadilisha namba. Akiba ya mama ikakamatwa mwaka aliotarajia kustaafu. Fomu ya dhamana ina mistari ya saini tu, haina mahali pa kuandika upendo. Kabla ya kutia saini mwambie akuonyeshe hati yake ya mshahara. Na wewe uliyedhaminiwa ukasafiri, popote ulipo, Doha au Dallas, lipa. Watu uliowaacha nyuma wanakatwa kwa ajili yako.

Mengine nayataja tu. Usikope mara tatu ya akiba kwa sababu tu unaruhusiwa. Sheria ya ajira inataka theluthi ya mshahara ibaki. Ichukulie hiyo kuwa sakafu, usiifanye makazi. Jaza upya fomu ya mrithi, wengine mmewaandika wazazi waliokwisha kuzikwa. Mkopo wa 600,000 kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi kwenye salio, miaka minne, ni kama 15,800 kila mwezi. Kabla ya kukopa fanya hesabu hiyo mwenyewe. Usihamishe mshahara kimyakimya ukiwa na deni. Hudhuria uchaguzi wa wajumbe wa tawi lako.

Lakini haitakuwa haki niwakemee ninyi peke yenu. Kuna waajiri nchini, zikiwemo kaunti na vyuo vikuu vya umma, wanaomkata mtumishi mchango wa SACCO kisha hawaufikishi. Sheria ya vyama vya ushirika inawalazimisha kuuwasilisha. Mtumishi anaonekana mdaiwa sugu kwa fedha ambazo zilikwisha kumtoka, na mkopo wake unakataliwa mtoto akiwa getini na barua ya kuitwa sekondari. Huo ni wizi, na nchi imeuzoea. Tumezoea pia mwalimu wa sekondari msingi kuanza kazi kwa kandarasi ya mafunzo, malipo hayamfikishi mwisho wa mwezi, kisha tunashangaa anapokimbilia mikopo ya simu ya riba kali. Mwenye njaa hupigia kura posho. Hilo nalijua, na nawahurumia. Hata hivyo kamati mbovu haikuongezi mshahara, inakupunguzia akiba.

Wajumbe, notisi ya mkutano mkuu hutoka angalau siku kumi na tano kabla. Dai kitabu cha hesabu kije pamoja nayo, kisigawiwe mlangoni asubuhi ya mkutano pamoja na chupa ya maji. Ikibidi andikeni barua, mpeleke nakala kwa SASRA na kwa ofisi ya ushirika ya kaunti.

Mimi nimestaafu, miguu inasumbua, lakini macho bado yanaona tarakimu. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, baada ya saa nane mchana, nitakuwa nyumbani. Anayetaka kujifunza kusoma mizania aje na kitabu cha mwaka jana, penseli na kikokotoo. Nimekwisha kumpigia simu yule mwalimu mliyemzomea. Amekubali kuja, na swali lake ndilo tutakaloanza nalo.

Mzee wenu, mwalimu mstaafu