Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: mabosi wanaotukana, na tunachoweza kufanya kisheria

Ndugu wanachama, habari zenu. Mahesabu, michango na uchaguzi wa matawi mtavisoma kwenye taarifa ya mweka hazina na ya katibu, vimeenda vizuri na sina cha kuongeza. Mimi naomba nitumie nafasi yangu kuongelea jambo moja tu ambalo ndo limejaa kwenye meza ya kamati mwaka mzima, wafanyakazi wanaotukanwa na mabosi wao.

Wengi wanaokuja kwetu wanafika wakiwa wameshaandika barua ya kuacha kazi. Katukanwa asubuhi mbele ya wenzake, mchana barua ishamfikia bosi, jioni ndo anatupigia simu kuuliza haki zake ni zipi. Namwelewa kabisa, mtu mzima ukiitwa mpumbavu mbele ya watu unaowasimamia inauma, lakini jamani hapo tunakuwa tumechelewa. Sheria za nchi nyingi zinamtambua mtu aliyelazimika kuacha kazi kwa sababu mwajiri kafanya mazingira yasivumilike, huyo anahesabiwa kama kaachishwa kazi, ila kuthibitisha hilo ni juu yake yeye aliyeondoka, na moja ya maswali ya mwanzo kabisa atakayoulizwa ni je, ulilalamika kabla hujaondoka? Kama hakuna barua wala imeli kesi inakuwa ngumu hata kama ofisi nzima inajua ulichokuwa unafanyiwa.

Kwa hiyo andikeni. Daftari likae nyumbani, siyo kwenye kompyuta ya kazini, maana siku wakikufungia akaunti unatoka mikono mitupu. Tarehe, saa, nani alikuwepo, na maneno yenyewe vilevile yalivyotamkwa hata kama ni machafu, usiandike "alinidhalilisha" afu ukaishia hapo kwa sababu hilo ni hitimisho lako na msuluhishi anataka asikie alichosikia shahidi. Meseji na vois noti msifute. Kuhusu kurekodi kwa siri, swali ambalo tunaulizwa kila mara, kuna nchi inaruhusiwa kama wewe mwenyewe ni mmoja wa wanaoongea na kuna nchi ni kosa la jinai, uliza kwanza ndo ubonyeze simu.

Pia tuwe wakweli, siyo kila kufokewa ni kesi. Bosi kukwambia kazi yako ni mbovu, hata kwa sauti ya juu, ni sehemu ya kazi yake. Kinachobadilisha mambo ni matusi yanayojirudia, vitisho, au maneno yanayogusa jinsia yako, dini, rangi, kabila au ulemavu. Hapo kila nchi ina njia yake. Marekani hakuna sheria ya shirikisho inayokataza ukali wa bosi wenyewe kama ulivyo, lazima uunganishe na ubaguzi, na malalamiko hayo yana muda, kwa kawaida siku 180 na sehemu nyingine hadi 300. Ufaransa imeufanya unyanyasaji wa kisaikolojia kazini kuwa kosa tangu 2002. Halafu kuna Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, ulipitishwa 2019 ukaanza kutumika 2021, ambao unasema hata tukio moja linaweza kuwa unyanyasaji, na unagusa pia mawasiliano ya simu na mitandao yanayohusu kazi, yaani yale matusi ya usiku kwenye grupu la ofisi nayo yamo, na wanaofanya mazoezi ya kazi pamoja na wanaojitolea wamo pia. Unaibana nchi iliyouridhia, kwa hiyo angalia kama yako imo.

Utafiti wa shirika hilohilo uliotoka 2022 ulionyesha asilimia 22.8 ya wafanyakazi wamewahi kufanyiwa ukatili au unyanyasaji kazini, na zaidi kidogo ya nusu tu yao ndo waliomwambia mtu. Walionyamaza wengi walisema wanaona ni kupoteza muda au waliogopa jina lao kuharibika. Hili la woga ndo linaniumiza zaidi. Mkataba namba 158 wa 1982 wa shirika hilohilo unasema wazi kwamba kumlalamikia mwajiri anayedaiwa kuvunja sheria siyo sababu halali ya kumfukuza mtu, na sheria nyingi za kazi zina kinga kama hiyo. Ila kisasi mara nyingi hakiji kama kufukuzwa, kinakuja kama tathmini mbaya ya ghafla au kuhamishwa zamu, kwa hiyo tunzeni kopi za tathmini zenu za nyuma.

Njia yenyewe ni malalamiko ya maandishi kwa HR, yaani idara ya rasilimali watu, au kwa aliye juu ya huyo bosi, ikishindikana au kama mwenye kampuni ndo mtukanaji basi mkaguzi wa kazi, upatanishi, usuluhishi, na mwisho mahakama. Vitisho vya kupigwa ni vya polisi moja kwa moja. Kama hulali au presha imepanda nenda kwa daktari na umwambie chanzo, aandike. Na mkiletewa karatasi ya makubaliano ya kulipwa msisaini siku hiyohiyo, nyingi zina kipengele cha kuachia madai yote.

Sipendi hata kidogo mwanachama kukalishwa kwenye upatanishi peke yake na mtu aliyemtukana, akiwa amezungukwa na watu wa upande wa pili. Kamati inapendekeza kila tawi lichague wawili wa kuwasindikiza wenzao kwenye vikao vya namna hii, na sehemu ya michango itengwe kulipia ushauri wa wakili kabla mtu hajaacha kazi, siyo baada. Mapendekezo yote mawili yatapigiwa kura mkutano mkuu, matawi yampe katibu majina kabla ya hapo.