Barua ya wazi kwa Kamishna wa Elimu: dawa ya mtoto mwenye aleji ipande basi moja na mtoto

Ndugu Kamishna,

Nakusalimu kwa heshima na pole na majukumu. Najua kwa sasa meza yako imejaa mambo ya mtaala mpya, vitabu, upungufu wa walimu na mengine mengi, ila hili ninaloandika ni la uhai wa watoto na halihitaji bajeti kubwa, linahitaji waraka wako tu, ndio maana nimeona niliandike wazi wazazi wenzangu na walimu walisome pia.

Mimi ni mama wa mtoto wa darasa la sita hapa Dar, ana aleji kali ya karanga. Nikisema kali simaanishi ile ya kuwashwa na kutoka vipele ukampa Piriton akalala ikaisha, namaanisha ile ambayo dakika chache tu baada ya kula midomo inavimba, sauti inakwaruza, anatapika, kifua kinabana, presha inashuka na mtoto anakulegea mikononi. Madaktari wanaiita anafilaksisi. Dawa yake ya kwanza ni moja tu, adrenalini, inachomwa kwenye msuli wa paja upande wa nje, na inatakiwa ichomwe mapema. Piriton haifungui koo lililovimba wala haipandishi presha, na maziwa ambayo wengi tumekua tukiambiwa yanakata sumu hayasaidii chochote hapo, tena kuna watoto ambao hayo maziwa ndio aleji yenyewe.

Ninachoomba ni hiki, utoke waraka unaosema shule yoyote inapotoka na wanafunzi kwenda ziara ya mafunzo, dawa ya dharura ya mtoto ipande basi lile lile alilopanda mtoto, iwe mkononi mwa mtu mzima anayejulikana kwa jina, aliyefundishwa kuitumia na mwenye ruhusa ya kuitumia bila kusubiri simu ya mtu.

Kwa nini nakomalia ziara na sio shule ya kila siku? Kwa sababu ya muda, Ndugu Kamishna. Kuna utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2000, waliangalia watu waliokufa kwa anafilaksisi wakapima ilichukua muda gani mpaka moyo au pumzi kusimama, wakakuta kwa chakula ni kama dakika 30 na kwa kuumwa na nyuki au nyigu ni kama dakika 15. Sasa hizo dakika zichukue uende nazo Mikumi. Barabara kuu yenyewe inapita ndani ya hifadhi kama kilomita 50, na Morogoro mjini iko kama kilomita 100 nyuma yako, na mkiwa mmeingia ndani kabisa kuangalia twiga na viboko mpaka basi ligeuze lirudi getini nusu saa imeshapita. Au chukua watoto waliopelekwa Isimila kule Iringa, au kwenye michoro ya mapangoni Kondoa, au Amboni Tanga, sehemu za porini na za miamba ambapo nyuki hawakosi. Shule ya mjini ina hospitali jirani na bajaji nje ya geti, hata wakichelewa kidogo kuna pa kukimbilia. Kwenye ziara hakuna, kwaiyo hospitali inabidi itangulie na mtoto, na hospitali ya kwanza ya mtoto huyu ni hiyo sindano.

Na chakula cha safari ndio hatari kuliko cha shule. Shuleni mpishi namjua na ananijua, nimeshamwelekeza kuhusu uji wa lishe maana unga wake mara nyingi una karanga ndani na huwezi kuziona kwa macho, nimemwambia kuhusu kisamvu na mchicha unaoungwa karanga, na kila muhula mpya napita kumkumbusha. Basi likisimama Chalinze hayo yote yanaisha. Wachuuzi wanajaa madirishani na korosho, karanga, kashata, mayai, mtoto ananunua cha kwake anamega anampa mwenzake kwa upendo kabisa kama tunavyowafundisha, chipsi zinakaangwa mafuta yale yale yaliyokaanga samaki muda si mrefu, na mwalimu mmoja anahesabu vichwa 40 wasipotee stendi. Simlaumu mwalimu huyo hata kidogo, mtu mmoja hawezi kulinda mikono ya watoto 40.

Mwaka jana kilichotokea kwetu ni hiki. Mdogo wangu anaishi Uingereza, ndiye anayenitumia zile kalamu za adrenalini, unaikandamiza pajani inajichoma yenyewe, maana famasi nilizozunguka hapa mjini sijaipata hata moja. Nilipeleka mbili shuleni na maelezo yaliyoandikwa na daktari. Shule ina utaratibu kwamba dawa zote za wanafunzi zinakaa kwenye kabati la matroni na linafungwa, utaratibu mzuri tu kwa siku za kawaida. Siku ya ziara basi liliondoka alfajiri, matroni hakuwa zamu, mtoto akaenda na kalamu zikabaki kabatini. Nimekuja kujua wakati wameshapita Chalinze, nilipompigia mwalimu kuuliza nani ameishika dawa. Alishtuka sana, ni mwalimu mwema, ila hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba hiyo ni kazi yake wala hakuna karatasi inayosema ni kazi ya nani. Mtoto alirudi salama kwa sababu alikula alichotoka nacho nyumbani tu, nashukuru Mungu, ila sitaki usalama wa mtoto yeyote utegemee mtoto mwenyewe kuwa makini siku nzima wakati wenzake wanakula na kucheka.

Ziara iliyofuata nikaambiwa nichague, abaki nyumbani au nisaini fomu kwamba lolote likitokea shule haihusiki. Wazazi wengi wameshawekewa fomu ya namna hiyo mbele yao, tunaambiana kwenye magrupu. Fomu haimfungui mtoto koo. Na kumbakiza nyumbani nako sio jibu, mtaala huu ulioanza kutumika Januari 2024 unataka watoto wajifunze kwa kuona na kutenda, sasa mtoto atajifunzaje kuhusu Kaole na biashara ya utumwa Bagamoyo akiwa amekaa sebuleni kwetu anasubiri wenzake warudi wamsimulie.

Hili jambo la kabati sio la kwetu peke yetu. Kule Ontario, Kanada, mwaka 2003 msichana wa miaka 13 aitwaye Sabrina Shannon alikula chipsi za kantini ya shule, akaanza kubanwa pumzi, kwanza ikadhaniwa ni pumu, na dawa yake ilikuwa kwenye kabati lake la shule, mwalimu akakimbia kuifuata. Hakupona. Jimbo lile likatunga sheria kwa jina lake mwaka 2005 ikaanza kutumika Januari 2006, kwamba kila shule lazima iwe na mpango wa kila mtoto mwenye aleji kali na wafanyakazi wafundishwe. Marekani wakapitisha sheria yao Novemba 2013 ya kuhimiza majimbo yaweke adrenalini mashuleni, na Uingereza tangu Oktoba 2017 shule inaruhusiwa kununua kalamu za akiba bila cheti cha daktari. Wote hawa waliamka baada ya misiba. Sisi tuna nafasi ya kuamka kabla.

Najua wengine watasema hizo ni nchi tajiri, aleji ni ugonjwa wa wazungu. Sio kweli, watoto wetu wapo, ila wengi wakizidiwa inasemwa amekula sumu au amerogwa au ni pumu imempanda ghafla, anapelekwa kusikohusika na muda unakwisha. Na mtoto mwenye pumu akiwa na aleji ya chakula hatari inakuwa kubwa zaidi, kwaiyo inhela yake nayo isibaki nyumbani wala isiwekwe kwenye buti la basi chini ya mabegi ya wenzake.

Kuhusu gharama niseme ukweli, kalamu ni ghali, mwaka 2016 Marekani kwenyewe ilikuwa kelele kubwa bei ya EpiPen mbili, aina mojawapo ya kalamu hizi, ilipofika kama dola 600. Siwezi kumwambia mzazi wa shule ya kata atafute kalamu. Lakini adrenalini yenyewe ni dawa ya zamani na ya bei ndogo, ile ya ampuli, kichupa kidogo cha kioo, ya miligramu moja, ipo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani na ndiyo hiyo hiyo wanayotumia hospitali. Shida yake inavutwa kwa bomba la sindano na kupimwa kwa uzito wa mtoto, sio kazi ya kumwachia mwalimu wa jiografia ndani ya basi linalotikisika. Kwaiyo waraka uwe na njia mbili, mtoto mwenye kalamu yake, mwalimu aliyefundishwa aruhusiwe kuitumia, na ziara ya mbali yenye mtoto anayejulikana ana aleji kali na hana kalamu, shule ishirikiane na kituo cha afya wapate muuguzi wa kuongozana nao akiwa na ampuli na mabomba. Tunalipa hela ya basi, ya kiingilio, ya chakula, posho ya muuguzi ya siku moja tukigawana haitatushinda, na kwa shule za serikali hapo ndipo naomba ofisi yako izungumze na wenzako wa TAMISEMI na Wizara ya Afya maana wauguzi ni wao.

Walimu wanaogopa, na wana haki ya kuogopa. Kuna mwalimu aliniambia kwa upole tu kwamba yeye akimchoma mtoto sindano halafu mtoto akafa, atakayepelekwa polisi ni yeye na hakuna atakayemtetea. Hapa ndipo waraka wako una nguvu kuliko barua yangu. Ukisema wazi kwamba mwalimu aliyefuata maelezo ya daktari yaliyopo kwenye fomu ya mtoto amefanya kazi yake, uoga mkubwa unaondoka. Na waambiwe pia kwamba kalamu ikichomwa kwa mtoto ambaye kumbe hakuwa anaihitaji, kwa kawaida moyo utamwenda mbio, atatetemeka, na inapita baada ya muda mfupi, wakati kuchelewesha kwa anayeihitaji kunaua. Mafunzo yenyewe hayachukui siku nzima, zipo kalamu za mazoezi zisizo na sindano, mtu anarudia mpaka mkono unazoea.

Wafundishwe na mengine ambayo watu hawayajui. Mtoto akizidiwa asisimamishwe wala asitembezwe mpaka kwenye gari, alazwe pale pale miguu iinuliwe, akiwa anabanwa sana pumzi akalishwe akiwa amenyoosha miguu, akitapika alazwe ubavu. Asipopata nafuu ndani ya dakika 5 hadi 15 ya pili ichomwe, ndio maana tunatuma mbili sio moja. Na hata akiamka akasema mwalimu nimepona nataka kuendelea na wenzangu, bado anaenda hospitali kuangaliwa kwa masaa kadhaa, kwa sababu hali inaweza kumrudia. Hii ina maana ziara ya mbali iwe na gari la pili au dereva aliyepangwa kabisa, basi lenye watoto 40 haliwezi kuwa ambulensi.

Na joto jamani. Adrenalini inatakiwa ikae chini ya nyuzi 25, isiwekwe friji na isiachwe kwenye gari lililofungwa juani, na Dar ya Februari sote tunaijua. Kuiweka kwenye dashibodi ya Koasta siku nzima ni kuiharibu. Kuna vipochi unaviloweka maji vinapoza vyenyewe kama mtungi unavyopoza maji, au mwalimu aivae kwenye kibegi kifuani na akae nayo kivulini, isitoke mwilini mwake.

Agosti 2024 Marekani waliidhinisha adrenalini ya kupuliza puani, haina sindano kabisa. Ingependeza wizara zizungumze na TMDA, mamlaka inayosimamia dawa nchini, waone uwezekano wa dawa za namna hii na kalamu kuingia nchini kwa utaratibu, tuache kutegemea mabegi ya ndugu zetu wanaokuja likizo.

Mwaka 2023 ofisi yako ilitoa waraka wa kuzuia bweni kwa watoto walio chini ya darasa la tano, na shule zilibadilika, hata zile zilizolalamika. Kwaiyo najua waraka unafanya kazi. Na pa kuuanzishia papo tayari, shule inapoomba kibali cha ziara kwa afisa elimu, kwenye maombi iongezwe sehemu: kuna mtoto mwenye aleji kali au pumu, dawa yake ipo, nani ataishika, hospitali ya karibu na tunakoenda ni ipi na namba yake ya simu ni ngapi. Pasipojazwa kibali kisitoke. Majina ya watoto yabaki kwa walimu wahusika tu, yasisomwe paredi, wangu ameshataniwa vya kutosha.

Ziara nyingi zinapangwa muhula wa pili. Naomba waraka utoke kabla ya hapo, na kama ofisi yako itahitaji kusikia kutoka kwa wazazi tupo, tutakuja na madaktari wanaowatibu watoto wetu na kalamu za mazoezi mezani.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mama wa mwanafunzi wa darasa la sita, Dar es Salaam