Nimepata jina linaloingia kwenye fumbo la Zodiac. Je, nimwandikie binti yake?

Ndugu Mshauri,

Nina ujumbe nilioukamilisha na bado sijautuma, na nina mume aliyeniambia waziwazi kwamba nikiutuma hatajua tena ameoa mtu wa namna gani. Naomba shauri lako wewe usiyetujua, kwa kuwa wote wanaotujua wamekwisha kuchagua upande.

Kwa faida ya wasioifahamu kesi yenyewe, kati ya Desemba 1968 na Oktoba 1969, kaskazini mwa California nchini Marekani, mtu aliyejiita Zodiac aliwaua watu watano na kuwajeruhi vibaya wengine wawili walionusurika, huku akiyaandikia magazeti barua za kejeli, baadhi zikiwa na maandishi ya siri. Barua mojawapo aliituma pamoja na kipande cha shati lenye damu la Paul Stine, dereva wa teksi aliyempiga risasi jijini San Francisco tarehe 11 Oktoba 1969. Usiku ule askari wa doria walimpita mwanamume mzungu akienda zake kwa miguu, wasimsimamishe, kwa sababu redio ya polisi ilikuwa imewatangazia kwamba anayetafutwa ni mtu mweusi. Niliposoma habari hiyo kwa mara ya kwanza nilikasirika kama kwamba nimeibiwa mimi, na nadhani hasira hiyo haijanitoka.

Hata hivyo, kilichoninasa hasa ni mafumbo, yaani hayo maandishi ya siri, ambamo kila alama husimama badala ya herufi. La kwanza, lenye alama 408, lilifumbuliwa na mwalimu mmoja akisaidiana na mkewe mwezi Agosti 1969, siku chache tu baada ya kuchapishwa magazetini. La pili, lenye alama 340, lilikaa miaka 51, hadi Desemba 2020 lilipofumbuliwa na watu watatu, Mmarekani, Mwaustralia na Mbelgiji, ambao hawakuwa wapelelezi wa kesi hiyo, kisha FBI ikathibitisha kwamba wamepatia. Taarifa hiyo ndiyo iliyonimaliza. Mpaka hapo nilikuwa msomaji tu, lakini tangu hapo nilijiona kuwa na wajibu, kwa maana kumbe mtu aliyekaa nyumbani kwake na kompyuta anaweza kufanikiwa pale ambapo dola imeshindwa.

Miongoni mwa yaliyobaki ni fumbo fupi la Aprili 1970, ambalo muuaji alilitanguliza kwa maneno "Jina langu ni", kisha akaweka alama 13. Alama ya tano, ya saba na ya tisa ni moja. Ya kwanza inafanana na ya kumi na mbili, ya tatu na ya kumi na moja, ya nane na ya mwisho. Mpangilio huu umenikaa kichwani kiasi kwamba kitabu cha mahudhurio kinaponifikia kazini, nahesabu herufi za majina ya wenzangu kabla sijatia sahihi yangu, na mwenzangu mmoja mwenye jina la herufi 13 nilimtazama siku nzima ingawa hakuwa amezaliwa wakati huo. Usingizi, akiba na marafiki sitaki kuvieleza kwa kirefu. Vimepungua kama unavyoweza kukisia.

Sasa nimepata jina. Nililikuta katika kumbukumbu za zamani za shule zilizowekwa mtandaoni, nalo linakaa kwenye zile alama 13 bila kulazimishwa hata herufi moja. Mwenye jina aliishi karibu na Vallejo, mji wa eneo lile la mauaji, miaka ileile, na amekwisha kufariki. Binti yake yu hai, ni mtu mzima sana, na katika ukurasa wake ameweka picha ya bahasha aliyoiandika baba yake, chini yake maneno ya kumkumbuka kwa upendo. Nimeikuza picha ile mpaka herufi zikavunjikavunjika. Ujumbe wangu unamwomba anionyeshe barua nyingine za marehemu, nami sijaeleza ninazitakia nini.

Mume wangu si mjinga, na hoja zake zinanichoma kwa sababu ninazijua kuliko yeye. Alama 13 ni chache mno: majina mengi ya watu wasio na hatia yanaweza kuingia humo vilevile bila kulazimishwa, na hakuna njia ya kuthibitisha lipi ndilo. Tena, katika fumbo la kwanza muuaji mwenyewe aliandika kwamba hatatoa jina lake, hivyo huenda hata hili la 13 ni dhihaka tu. Mume wangu hunikumbusha pia habari za Arthur Leigh Allen, aliyetajwa na polisi kuwa mshukiwa, akapekuliwa, akafariki mwaka 1992 bila kushtakiwa. Alama zake za vidole na mwandiko wake havikuoanishwa na vya muuaji, na vipimo vya vinasaba vya mwaka 2002 havikumhusisha na barua zile, na bado wapo wanaomwita Zodiac mpaka leo. "Unataka kumfanyia hivyo baba wa mtu ambaye hawezi kujitetea?" ndilo swali lake.

Kaka yangu, ambaye nimekuwa nikifanya naye utafiti huu, anashikilia kwamba waliouawa nao walikuwa na wazazi, na kwamba huruma ya kumlinda binti mmoja isigeuke kuwa huruma kwa muuaji. Nikimsikiliza yeye namwona yuko sawa, na nikimsikiliza mume wangu vivyo hivyo, na usiku nafungua tena picha ya bahasha.

Naomba unijibu mambo mawili. Je, ni haki kumwomba mtu barua za baba yake huku nikimficha sababu, au inanipasa niwapelekee polisi wa huko nilicho nacho, kisha ninyamaze hata wasiponijibu? Na iwapo shauri lako ni kunyamaza, mtu ambaye tayari analo jina kichwani anaanzaje kuacha kulihesabu?

Msomaji wako