Mgeni Aliyetuimbisha

Dada mpendwa,

Shikamoo. Huku hatujambo. Baba na Mama wape salamu zangu, barua yao nitaijibu. Hii ni yako wewe, maana umeniuliza huyo mwimbaji mgeni mnayemtarajia mumwachie ibada kiasi gani.

Jumapili na sisi tulikuwa na wetu, mtu mwenye jina. Kanisa lilifurika, simu juu, kila mtu tayari kurekodi. Nami nikajiweka sawa kutazama onyesho.

Kumbe mwenzetu alifika mapema kuliko hata fundi mitambo. Kabla hajagusa gitaa, alimuuliza kijana wetu wa kinanda ni nyimbo zipi watu wa hapa wanaimba bila kutazama maneno. Akafuta mbili katika orodha yake. Kisha akamwomba mama mmoja aliyekuwa ameshaketi aimbe ubeti mmoja, akamsikiliza sauti inapoanza kukwama, akaushusha ufunguo wa wimbo. Waimbaji wa sauti ya kwanza, ile ya juu, walinuna! Walikuwa wamejipanga kupaa. Lakini hapo ndipo waimbishaji wengi wanapoliua kusanyiko: wimbo unapangwa kwa koo la mwenye maiki, watu wakishindwa kuufikia wananyamaza.

Ubeti wa tatu alirudi nyuma, mbali na maiki, akamwashiria mpiga ngoma aache, yeye akabaki kugusa nyuzi kwa kidole gumba. Tukajisikia wenyewe, dada. Kutoka viti vya nyuma wazee wakaachia sauti ya nne, nzito, bila mazoezi wala nini. Simu zikashuka moja moja.

Kitabu chetu cha nyimbo hapa kina maelekezo ya uimbaji ya John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, ya mwaka 1761. Moja linakataza mtu kupaza sauti hadi asikike juu ya wenzake. Nilikuwa nikidhani limeandikiwa mkorofi fulani wa kwaya. Siku hizi naona linamhusu zaidi mwenye spika. Na Paulo anasema, "nitaimba kwa roho, tena nitaimba kwa akili pia." Hiyo akili ndiyo ile ya kushusha wimbo.

Si kwamba alikuwa malaika. Kati ya nyimbo aliongea mno, tukapata mahubiri mawili kwa siku moja, mchungaji akawa anaiangalia saa. Kwa hiyo ninyi kubalianeni dakika mapema, na mpeni somo la siku ili nyimbo zisiende kivyake. Mambo ya bahasha yake ya shukrani nayo myamalize kabla. Ni aibu mhazini kumkimbilia mgeni mlangoni. Kurekodi pia, mwulizeni kwanza.

Wimbo wa baada ya mahubiri usimpe. Uongoze wewe na timu yako, yeye apige tu nyuma yenu. Akikataa, utakuwa umeshajua kilichomleta.

Nitumie orodha mkishaipanga. Ile pambio unayoipenda naona iko juu mno kwa Mama.

Mdogo wako