Barua kwa mjomba: chale wako alikuwa akiigiza kwa koo

Mjomba, shikamoo.

Najua barua hii hutaisoma mwenyewe. Atakusomea mjukuu wako kwenye simu yake, umekaa barazani baada ya alasiri, kikombe cha kahawa mkononi, na akifika kwenye jina la Kishore Kumar, mwimbaji na mwigizaji wa filamu za Kihindi, utamkatiza: "Ruka hapo." Mwambie asiruke. Nimekaa na jibu hili tangu nikiwa skuli, na leo nalitoa hadharani makusudi, ili usipate pa kunizimia redio.

Wewe ni mtu wa Mohammed Rafi, mwimbaji mwenzake wa filamu, mtaa mzima unajua. Kanda zako zilikaa ndani ya sanduku la bati, zimeandikwa kwa wino mwekundu, Rafi ya kwanza, Rafi ya pili, na ole wa mtoto atakayezichanganya. Kishore akitokea redioni ulikuwa ukiinuka, mwendo wa polepole wa mtu mwenye hakika, unazima, unarudi kukaa. "Chale tu huyu." Sisi tulicheka kwa adabu. Mama, dada yako, alikuwa jikoni akikuna nazi, hasemi kitu. Lakini ukishatoka tu kwenda msikitini, nazi ilikuwa ikikunwa kwa mahadhi ya Kishore. Hilo nakwambia leo kwa sababu ameshanipa ruhusa.

Neno chale silikatai. Ninalolikataa ni hilo "tu".

Turudi mwanzo kidogo. Alizaliwa tarehe 4 Agosti 1929 kule Khandwa, katikati ya Bara Hindi, katika nyumba ya Wabengali, baba yake mwanasheria. Jina alilopewa ni Abhas Kumar Ganguly. Kaka yake mkubwa, Ashok Kumar, aliyemzidi miaka karibu kumi na minane, alikuwa tayari steringi mkubwa Bombay wakati huyu mdogo bado anavaa kaptura. Ashok mwenyewe alikuwa akisimulia kwamba mdogo wake utotoni alikuwa na sauti mbaya, ya kukwaruza. Siku moja akajikata mguu kwa kisu cha jikoni, kile cha Kibengali kinachosimama juu ya ubao kama mbuzi yetu ya kukunia nazi, ila chao ni cha kukatia mboga. Alilia siku nyingi mfululizo, na kilio kilipokwisha, sauti ikawa imelainika. Daktari wa koo sijui atasema nini kuhusu hilo. Mimi napenda kuiamini, hasa nikikumbuka mama alivyokuwa akiimba mbele ya mbuzi yake.

Chuo alisoma Indore, na huko inasimuliwa aliacha deni la mgahawa, rupia tano na "ana" kumi na mbili, ana ni sarafu ndogo ya zamani ya huko. Miaka baadaye kiasi hichohicho kikageuka kiitikio cha wimbo ndani ya filamu yake. Mtu wa kawaida angelipa deni au angelikimbia. Yeye aliliimba.

Ustadi wa muziki hakusomea popote. Hapo nakupa haki yako, Rafi alikuwa na walimu. Kishore aliingia Bombay akiwa na masikio yake tu na mapenzi yake kwa mwimbaji wa zamani K. L. Saigal, na wimbo wake wa kwanza, mwaka 1948, alipomwimbia steringi Dev Anand katika filamu ya Ziddi, unamsikia Saigal mle ndani mtupu, pua na majonzi yote. Ni mtunzi wa muziki S. D. Burman aliyemwambia aache kuiga watu, atafute yake. Akaitafuta kwenye sahani za santuri za Wazungu wachunga ng'ombe, wale wanaoimba sauti ikapanda, ikavunjika ghafla, ikaruka juu kama jogoo aliyeshtuliwa. Huo mruko ndio uliokuwa ukikuudhi. Ulikuwa ukisema, "Mbona anapiga kelele kama kakanyagwa?"

Sasa sikiliza mambo yalivyokuwa. Wakubwa wa filamu walimtaka aigize, yeye alitaka kuimba. Kaka yake alitaka awe steringi kama yeye. Miaka ya hamsini akaigiza filamu moja baada ya nyingine, na nyingi alizifanya bila moyo, akivuruga makusudi ili wamfukuze. Kuna kisa kinachosimuliwa sana: mtayarishaji alimlipa nusu ya ujira, Kishore akafika kazini uso umepakwa poda upande mmoja tu. Nusu pesa, nusu poda. Unacheka, nakuona.

Mwaka 1954 mwongozaji Bimal Roy alimpa nafasi ya kuigiza kijana anayetafuta kazi, filamu inaitwa Naukri, na mtunzi wa muziki, Salil Chowdhury, aliposikia kwamba huyu kijana hakufundishwa muziki, hakumtaka. Wimbo ulipangwa aimbe Hemant Kumar. Kishore akaomba asikilizwe kwanza. Alisikilizwa, akapewa wimbo. Mkumbuke Salil, maana atarudi.

Najua hapa umeshaandaa kombora lako. Ni lilelile la kila Idi: "Hata yeye mwenyewe aliimbiwa na Rafi!" Ni kweli, mjomba, wala sijifichi. Katika Ragini, mwaka 1958, yuko Kishore kwenye pazia, amekaa kistaarabu, anafumbua mdomo, na sauti inayotoka ni ya Mohammed Rafi. Wimbo wenyewe ni wa raga, muziki wa jadi wa Kihindi wa kusomea, wa kupanda na kushuka ngazi za kienyeji, na mtunzi wake, O. P. Nayyar, hakutaka kubahatisha. Mwaka uliofuata ikatokea tena katika Shararat. Mwimbaji anaimbiwa! Wewe ulikuwa ukitoa hiyo kama hukumu ya kadhi. Mimi naiona vingine. Mtu aliyesimama pande zote mbili za ule mchezo, siku moja ni mdomo wa mwenzake, siku nyingine ni koo la mwenzake, huyo anaujua wizi wake wote. Ndipo ninapotaka kukupeleka.

Mwaka uleule wa 1958 ilitoka Chalti Ka Naam Gaadi. Ndugu watatu wa kweli, Ashok, Anoop na Kishore, wanacheza ndugu watatu wenye gereji. Usiku wa mvua anaingia mwigizaji Madhubala, kalowa, gari limemharibikia. Kishore analitengeneza huku anaimba, na spana na vyuma vya gari ndiyo ngoma. Tazama mikono yake pale. Anapofika kwenye neno la utani, bega linatangulia kabla ya sauti. Anapomtazama yule mwanamke kwa wizi, sauti nayo inapunguka, inakuwa ya mtu anayeogopa kugundulika. Hiyo siyo sauti iliyopambwa kwa uigizaji. Mwili ndio unaoimba, na koo linafuata kama kiungo kingine chochote. Rafi, Mungu amrehemu, alisimama mbele ya maikrofoni akatoa sauti safi kuliko zote, na steringi akaenda kuitafutia sura. Kishore sura ilikuwemo ndani ya sauti tayari.

Ushahidi wa pili ni Half Ticket, 1962. Humo yumo tena Salil Chowdhury, yule aliyekuwa hamtaki. Alitunga wimbo wa watu wawili, mwanamume na mwanamke, na Lata Mangeshkar hakupatikana. Kishore akasema, nitaimba zote mbili. Akaimba zote mbili, sauti ya kike na ya kiume zikijibizana bila kugongana, na kwenye picha yeye amevaa nguo za kike akimrusha roho Pran, jambazi mashuhuri kuliko wote. Wewe uliitazama ile kule Majestic, nakumbuka ukisimulia jinsi watu walivyopiga viti kwa kicheko. Ulicheka hujui kwamba sauti zote mbili zilitoka kwa mtu mmoja. Nilipokwambia, ulisema, "Ndiyo maana." Ndiyo maana ya nini, mjomba? Bado nasubiri.

Padosan ya mwaka 1968 nadhani ilitengenezewa kesi yetu hii. Kuna kijana mshamba anayempenda binti wa jirani, binti anapenda waimbaji, na kijana hajui kuimba. Rafiki yake, ndiye Kishore, kinywa kimejaa tambuu na nywele zimeangukia usoni, anajificha nyuma ya dirisha anaimba, na Sunil Dutt anafumbua mdomo mbele. Ile siri ambayo filamu zote za Kihindi zinaificha, wao waliifanya ndiyo kichekesho. Kisha linakuja shindano. Upande wa pili yuko Mehmood, mwalimu wa muziki wa kusini, na anayemwimbia ni Manna Dey, aliyesomea, aliyeiva. Kwa hadithi ilibidi Manna Dey ashindwe. Na Kishore, asiyejua jina la raga hata moja, anamshinda kwa kumchekesha, kwa kukatiza, kwa kuruka nje ya njia na kurudi mlango mwengine. Usikize tena, safari hii bila kutazama. Utaona unaiona.

Ya nyumbani kwake nitayapita upesi, maana sipendi kuchungulia ndani kwa watu. Alioa mara nne. Wa pili alikuwa Madhubala huyohuyo wa gereji, mwaka 1960, naye moyo wake ulikuwa na tundu tangu kuzaliwa. Walikwenda mpaka London kutafuta tiba. Alifariki Februari 1969, ana miaka 36. Baadaye mwaka huohuo ikatoka filamu ya Aradhana, na Kishore, ambaye watu walishaanza kumsahau, akaamka siku moja yuko kila dirisha la India. Humo ndani Rafi naye yumo, nyimbo mbili nzuri kabisa, lakini unajua vizuri watu walitoka senema wakiimba zipi. Moja ilimpa tuzo ya kwanza ya Filmfare, tuzo kubwa za filamu za Kihindi, na mpaka anakufa alikuwa nazo nane za uimbaji, hakuna mwanamume aliyefika hapo kabla yake.

Na kuanzia hapo ndipo kazi ile ya uigizaji aliyoichukia ilipomlipa. Alipomwimbia Rajesh Khanna, sauti ilikuwa na macho ya kulegea. Alipomwimbia Amitabh, ikashuka kifuani, ikapata urefu na hasira. Akimwimbia Dev Anand anarudi ujana. Sisi watoto tulidhani steringi wenyewe ndio wanaoimba, maana sauti ilikuwa inawakaa kama kanzu iliyopimwa.

Kama bado unamwita chale, nieleze hili. Mwaka 1976 India ilikuwa chini ya amri ya hali ya hatari, magazeti yanakaguliwa, wapinzani wako jela. Serikali ikamtaka Kishore aje aimbe kwa ajili yake. Akakataa. Tarehe 4 Mei nyimbo zake zikapigwa marufuku redio ya taifa, na hazikurudi mpaka hali ile ilipoondolewa mwaka uliofuata. Waimbaji wenye heshima na mashungi waliitikia wito, mjomba, na mtu mwenye kibao kilichoandikwa "Jihadhari na Kishore" nyumbani kwake, mtu aliyesema rafiki zake ni miti ya uani, ndiye aliyesema hapana. Hakika, na wewe kwa upande wako ulikuwa ukimzima redioni. Sikufananishi na mtu.

Filamu aliyoifanya yeye mwenyewe kwa moyo, mwaka 1964, haina kichekesho hata kidogo. Mwanajeshi anarudi vitani anakuta nyumba imeungua, familia imeteketea, amebaki mtoto wake mdogo aliyepoteza usemi. Kishore aliitayarisha, akaiongoza, akaitungia muziki, akaigiza baba, na mtoto ni Amit, mwanawe wa kumzaa. Mle ndani kuna wimbo ambao baba anamwahidi mtoto kumpeleka mahali pasipo machozi. Mama yangu Kihindi hajui zaidi ya "accha" na "nahi", lakini maneno ya wimbo huo anayo yote, na alituimbia usiku ambao umeme ulikuwa umekatika. Wewe ulikuwa chumba cha pili. Hukusema zimeni.

Alikufa tarehe 13 Oktoba 1987, moyo, ana miaka 58. Siku hiyo Ashok alikuwa anatimiza miaka 76. Jana yake tu alikuwa studio na Asha Bhosle wakirekodi. Mwili ulirudishwa Khandwa, kama alivyotaka.

Basi, mjomba. Nakuja Idi, inshallah, na spika ndogo ninayo. Nitakuwekea ule wimbo wa Amar Akbar Anthony walioimba wote wanne, Mukesh, Rafi, Lata na Kishore, kila mmoja na zamu yake. Sanduku la bati nalo lifungue, tutapitia Rafi zote mpaka ya mwisho, sitakatiza. Lakini kwenye ule wimbo, ikifika zamu ya Kishore, usiinuke.

Mama anakusalimu. Anasema hata yeye atakuwepo, na kwamba nazi safari hii ataikunia barazani.

Mpwa wako