Barua ya malalamiko: Turubai la MGB lililokatwa kwa kubahatisha

Area D,
Dodoma.

Kwa Meneja,
Karakana ya Turubai na Viti vya Magari,
Dodoma.

YAH: KUHARIBIWA KWA TURUBAI LA GARI LANGU AINA YA MGB

Ndugu Meneja,

Naomba barua hii uisome wewe mwenyewe, maana vijana wako wa mapokezi wananijibu kila mara kwamba nilete gari "walivute kidogo". Turubai langu halivutiki. Limepungua. Nguo iliyokatwa ikakunjiwa ndani ya mshono hairudi tena, na ndiyo maana nadai turubai jipya, wala sitakubali marekebisho.

Gari ni MGB, gari dogo la michezo la Kiingereza, ya wazi ya mwaka 1973, yenye paa la turubai la kukunja. Dirisha la nyuma ni la plastiki, na lilikuwa limeshonewa kwenye turubai moja kwa moja. Nilitaka lifunguke kwa zipu. Fundi wenu mmoja amesema siku hizi kwamba niliomba kitu kisichowezekana, kwa hiyo nimkumbushe: Porsche 911 Targa za mwanzo, miaka ya 1960, zilikuwa na dirisha la nyuma la plastiki lenye zipu kabla ya kioo cha kudumu kushika nafasi yake. Turubai za MGB zenye dirisha la zipu nazo zinauzwa hadi leo.

Hapa Dodoma haja yake ni kubwa. Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaanza, mtu anahitaji kivuli kichwani na hewa inayopita nyuma ya viti, vyote kwa pamoja. Tena plastiki ikikunjwa pamoja na turubai hupata makunyanzi yasiyotoka, na asubuhi ya baridi ya Julai inaweza kupasuka kabisa. Ukifungua zipu kwanza ukalilaza dirisha bapa, halipati alama.

Karatasi ya makadirio ninayo, na mwandiko ni wa fundi mkuu wenu. Zipu iwe ya meno ya plastiki, ipande upande wa kushoto, ipite juu, ishuke kulia, na chini pabaki pameshonwa ili dirisha lilale nyuma ya viti. Uzi uwe wa poliesta. Juu ya zipu uwepo ukingo wa kuzuia maji. Alama za chaki zipigwe turubai likiwa juu ya gari, limekazwa, vifungio vya mbele vimefungwa. Hilo la mwisho nililitamka mbele ya fundi mara mbili kwa sababu ndilo linalobeba kazi yote.

Halikufanyika. Turubai lilivuliwa, likatandazwa mezani, likapigwa chaki hapo hapo na kukatwa. Mistari bado inaonekana kwa ndani, imepinda, na ya kushoto hailingani na ya kulia. Najua kulivua ili kulishona ni lazima, cherehani haiingii ndani ya gari. Lakini kupima ni kazi ya juu ya fremu ya paa. Turubai lililolegea mezani halina umbo lake. Ukilikata, kila ukingo wa mkato unakunjwa, na kila mkunjo unakula nguo. Upana wa zipu usipofidia kilicholiwa, paa zima linafupika.

Ndicho kilichonikuta. Zipu ikifungwa, ukingo wa mbele unaishia vidole viwili kabla ya fremu ya kioo cha mbele. Vijana wakalazimisha vifungio, na cha kushoto sasa kimepinda. Nimeambiwa kwamba turubai limesinyaa kwa jua, gari ni la zamani. Njoo ujaribu mwenyewe, Meneja. Fungua zipu ya juu, turubai linafika mbele bila taabu. Ifunge, halifiki. Jua halisinyazi turubai pale tu zipu inapofungwa.

Zipu yenyewe ni ya chuma, na kwenye pembe imekunjwa kona kali badala ya kuzungushwa taratibu, kwa hiyo kishikio kinakwama hapo, na vumbi letu likishaingia ndiyo hakisogei kabisa. Uzi nao ni wa pamba. Nilichoma kipande kwa kiberiti kikawa majivu. Poliesta ingeyeyuka na kuacha kitone kigumu. Uzi wa pamba kwa jua na mvua za hapa utaoza mapema.

Lililonifanya nishike kalamu, hata hivyo, lilitokea njiani kuelekea Mtumba. Upepo ulikuwa mkali, zipu iliyovutwa kupita kiasi ikaachia pembe ya juu, na moshi wa ekzosi ukaanza kuingia ndani. Gari likiwa kwenye mwendo, hewa ya nyuma yake huvuta moshi kurudi kwenye uwazi wowote ulio karibu. Ndani ya moshi huo mna kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, na inaua. Anayefungua dirisha la nyuma kwa hiari yake hushusha pia vioo vya milango ili hewa ipite. Mimi sikufungua chochote. Binti yangu alikuwa pembeni yangu akilalamika kichwa kinamuuma, nikasimamisha gari.

Turubai mlilolikata aliliagiza marehemu baba kutoka Uingereza na kulifunga kwa mikono yake. Hilo hamwezi kunirudishia. Lakini jipya linapatikana. MGB ilitengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, zaidi ya magari 500,000 ukijumlisha na yale ya paa la bati, na vipuri vyake vinaendelea kutengenezwa. Nadai mlipie turubai jipya lenye dirisha la zipu, usafiri wake, ushuru wa bandari ya Dar es Salaam na kifungio kilichopinda. Mnapoagiza mtaje mwaka wa gari, maana fremu za miaka tofauti hazilingani. Nadai pia nirudishiwe fedha yote ya ufundi. Kazi ya kulifunga nitampa fundi mwingine.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Likikosekana, nitapeleka makadirio, risiti na picha za gari nilizopiga kabla sijalileta kwenu mbele ya Tume ya Ushindani, inayosimamia haki za mlaji chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Ukitaka kuliona turubai kabla ya kujibu, gari lipo nyumbani na halitembei; njoo na fundi mkuu, jioni yoyote baada ya saa kumi na moja.

Wako,

Mteja wenu, mmiliki wa MGB